Rubli Mia Sita: Somo juu ya Kuwasaidia Wasichana katika Elimu ya Sayansi



Katika somo hili twataka kutazama jambo moja linalohusu kila nyumba yenye binti mwenye akili ya hesabu. Jambo lenyewe ni ufadhili wa masomo, yaani fedha apewazo mwanafunzi asiyekuwa na mali, ili aweze kumaliza elimu yake. Watu wengi wanalijua jina, lakini si wengi waliokaa wakafikiri fedha hizo zafanya kazi gani hasa, zafaa kutolewa lini, na yule azipokeaye ana wajibu gani. Wako wadhanio kwamba ni bahati tu, kama kuokota fedha njiani. Wako waionao kuwa sadaka ya maskini, nao huona haya kuiomba. Tena wako wasemao kwamba kumtolea msichana fedha nyingi ili asome habari za mitambo, umeme au kemia ni kumwagilia maji shamba la jirani, kwani ataolewa aende zake.

Hatutayajibu maneno hayo kwa mabishano. Tutasimulia habari za binti mmoja wa Ulaya aliyepewa fedha za namna hiyo zamani. Kiasi cha fedha twakijua, kazi iliyotokea twaijua, hata namna alivyozirudisha twaijua. Kisha tutasimulia kwa kifupi habari za binti wa Kenya, na mwisho tutakusanya mafunzo. Mwalimu atakayesoma somo hili pamoja na watu wake atakuta maswali machache mwishoni.

1. Binti wa mwalimu

Maria Skłodowska alizaliwa katika mji wa Warsaw tarehe 7 Novemba 1867, kitinda mimba wa watoto watano. Siku hizo nchi ya Polandi haikuwa na serikali yake yenyewe. Warsaw ilikuwa chini ya Kaizari wa Urusi, na shuleni watoto walilazimishwa kujifunza kwa Kirusi. Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu na fizikia. Mama yake, aliyekuwa amesimamia shule ya wasichana, alikufa kwa kifua kikuu mwaka wa 1878, Maria akiwa na umri wa miaka 10. Nyumba yao ilikuwa na vitabu vingi na fedha chache, hata baba akawaweka wanafunzi wa kulala humo ili apate kuongeza kipato.

Mwaka wa 1883, akiwa na miaka 15, Maria alimaliza shule, akapewa nishani ya dhahabu kwa kuwa wa kwanza. Mvulana mwenye nishani ya namna hiyo angeweza kwenda Chuo Kikuu cha Warsaw. Maria hakuweza, kwa sababu chuo kile hakikupokea wanawake. Yeye na dada yake mkubwa Bronisława, aliyeitwa Bronia, wakajiunga na madarasa ya siri yaliyofanyika katika nyumba za watu. Madarasa hayo yalihama mahali hata mahali ili polisi wasiyavumbue, kwa hiyo watu wakayaita Chuo Kikuu Kirukacho. Huko walijifunza mengi, lakini mwisho wa masomo yale haukuwa na shahada ya kumpa mtu kazi.

2. Mapatano ya dada wawili

Bronia alitaka kuwa daktari. Mji wa Paris, katika Ufaransa, ulikuwa ukipokea wanawake chuoni, lakini akiba yake Bronia ilitosha kwa mwaka mmoja tu, na masomo ya udaktari yalihitaji miaka mitano. Ndipo Maria akatoa shauri. Bronia na atangulie Paris. Yeye Maria atafanya kazi ya kuwafundisha watoto katika nyumba za wenye mali, na kila mwezi atampelekea dada yake fedha. Siku Bronia atakapokuwa daktari, yeye naye atamwita mdogo wake na kumsaidia.

Basi mwezi wa Januari 1886 Maria alisafiri kwenda Szczuki, shamba lililo kaskazini ya Warsaw, akawa mwalimu wa watoto wa nyumba ile. Mshahara wake ulikuwa rubli 500 kwa mwaka, pamoja na chakula na mahali pa kulala. Katika fedha hizo alimpelekea Bronia rubli 15, na baadaye 20, kila mwezi. Rubli 20 zilikuwa karibu nusu ya mapato yake. Usiku alijisomea fizikia na hesabu peke yake. Tena aliwakusanya watoto wa wakulima akawafundisha kusoma na kuandika kwa lugha yao ya Kipolandi, jambo lililokatazwa na serikali na ambalo lingeweza kumtia hatarini. Alikaa huko zaidi ya miaka mitatu.

Angalieni jambo hili vizuri. Ufadhili wa kwanza katika habari hii haukutoka kwa tajiri wala kwa serikali. Ulitoka kwa msichana wa miaka 18 aliyeukata mshahara wake, kwa kuwa alimwamini dada yake kwamba atakumbuka. Naye Bronia alikumbuka. Baba yao, alipopata kazi yenye mshahara ulio afadhali, alitia mkono pia.

Lakini hesabuni miaka. Maria alipata nishani mwaka wa 1883, wala hakufika Paris mpaka Novemba 1891. Miaka 8 ilipita, naye hakuna mwalimu mtu mzima aliyekuwa na shaka juu ya akili yake. Wazee husema, kawia ufike. Na Maria alifika. Walakini tuulize ni wangapi waliokawia wasifike. Hatuna orodha ya majina yao, kwani asiyefika haandikwi kitabuni.

3. Chumba cha darini

Maria alikuwa akitimiza miaka 24 alipojiandikisha katika chuo cha Sorbonne huko Paris. Kwanza alikaa kwa Bronia, aliyekuwa amekwisha kuolewa na daktari wa Kipolandi. Lakini nyumba ilikuwa mbali na chuo, nauli ilikula fedha zake, na wageni walikuwa wengi. Akaona heri apange chumba karibu na chuo.

Matumizi yake yote yalikuwa kama rubli 40 kwa mwezi. Katika hizo alilipa kodi, chakula, makaa, nguo, vitabu na ada za chuo. Chumba kilikuwa juu kabisa, chini ya paa, nayo makaa ya mawe aliyapandisha ngazi zote kwa mikono yake mwenyewe. Wakati wa baridi kali maji yaliganda katika bakuli la kunawia, naye usiku alijifunika nguo zake zote juu ya blanketi. Mara nyingi chakula chake kilikuwa mkate na chai. Binti yake Ève, aliyeandika habari za maisha ya mama yake, asimulia kwamba siku moja Maria alizimia, na shemeji yake alipokuja kumtazama aliona kwamba hakuwa amekula chakula cha maana.

Watu wengine wakisimulia habari kama hizi hupenda kuisifu njaa, kana kwamba ndiyo iliyomfanya mwanafunzi kuwa hodari. Yatupasa kukataa maneno hayo. Njaa haikumfundisha Maria fizikia. Ilimnyang'anya nguvu alizohitaji kwa kujifunza. Kama alishinda, alishinda juu ya njaa, wala si kwa sababu yake. Mzazi amwambiaye binti yake avumilie, akimtajia watu wakuu waliolala njaa, na akumbuke kwamba wengi waliolala njaa waliacha shule.

Mwezi wa Julai 1893 Maria alifanya mtihani wa shahada ya fizikia, akawa wa kwanza kati ya wote. Lakini aliona kwamba mtu wa fizikia asiye na hesabu nyingi ni kama fundi asiye na vyombo. Alitaka shahada ya pili, ya hesabu. Basi hapo ndipo fedha zilipokwisha. Alirudi Polandi kupumzika, wala hakujua kama ataweza kwenda Paris tena.

4. Rubli mia sita

Huko Warsaw palikuwa na mfuko ulioitwa Ufadhili wa Alexandrovitch, uliowekwa kwa ajili ya wanafunzi wa Polandi waliostahili kusoma ng'ambo. Maria alikuwa na rafiki, Bibi Dydyńska, aliyemjua tangu Paris. Bibi huyu hakungoja aombwe. Alikwenda kwa wakubwa wa mfuko ule, akawaeleza matokeo ya mtihani, akawasihi, wala hakuchoka mpaka walipokubali. Maria akapewa rubli 600.

Haya tufanye hesabu, maana hesabu hii ndiyo kiini cha somo letu. Kule shambani mshahara wake wa mwaka mzima ulikuwa rubli 500. Kwa hiyo rubli 600 zilikuwa mshahara wa mwaka mmoja na zaidi ya miezi miwili. Kama angalitaka kuzipata kwa kazi ile ya zamani, na kuweka nusu tu kama alivyofanya kwa ajili ya Bronia, ingalimchukua zaidi ya miaka miwili. Lakini katika Paris, kwa matumizi yake ya rubli 40 kwa mwezi, zilimtosha miezi 15. Basi ufadhili ule ulimwondolea miaka miwili ya kungoja, ukamwekea mahali pake miezi kumi na mitano ya kusoma.

Hiyo ndiyo kazi ya ufadhili. Akili haiwezi kununuliwa, wala bidii haiwezi kununuliwa. Mambo hayo mawili mwanafunzi huja nayo mwenyewe. Kinachonunuliwa ni wakati: saa za kukaa na kitabu bila kuzitoa kwa ajili ya ugali wa kesho. Mwaka wa 1894 Maria akapata shahada ya hesabu, safari hii akiwa wa pili.

5. Fedha zilizorudi

Mwaka ule ule wa 1894 chama kimoja cha Ufaransa, kilichoshughulika na kuendeleza viwanda vya nchi, kilimpa kazi ya malipo. Alitakiwa kupima namna mbalimbali za chuma cha pua na kuonyesha nguvu ya sumaku katika kila moja. Kazi hii ilikuwa na faida kwa watengeneza mitambo, kwani si kila chuma hushika sumaku sawasawa, na mashine nyingi za umeme hutegemea sumaku. Katika kutafuta mahali pa kuviweka vyombo vyake ndipo alipojulishwa kwa Pierre Curie, mtaalamu wa fizikia, ambaye walioana naye mwaka wa 1895. Tangu hapo dunia yamjua kwa jina la Marie Curie.

Alipopokea malipo ya kazi ile ya chuma, jambo la kwanza alilofanya ni kuweka akiba mpaka zikatimia rubli 600, akazipeleka kwa mfuko wa Alexandrovitch. Mwenye kuandika hesabu za mfuko alishangaa, maana hakuna aliyekuwa amewahi kufanya hivyo. Hakuna sharti lililomtaka alipe. Fedha zilitolewa ziwe zawadi. Lakini yeye alifikiri kwamba kuzishika fedha zile hata siku moja zaidi, naye sasa ana kazi, ni kumzuilia msichana mwingine maskini aliye mahali pale pale alipokuwa yeye.

Wasemaji wa Kiswahili wana mithali: dawa ya deni ni kulipa. Maria alilihesabu kuwa deni jambo ambalo watu wengine wangelihesabu kuwa bahati yao.

6. Matunda yake

Mwaka wa 1898 Marie na Pierre Curie walitangaza vitu viwili vya asili visivyojulikana bado. Cha kwanza walikiita poloniamu, kwa kuikumbuka Polandi, na cha pili radiamu. Ili kuitenga radiamu walisaga na kuchemsha mawe mengi mno, hata mwaka wa 1902 wakapata sehemu moja ya kumi ya gramu. Mwaka wa 1903 walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Henri Becquerel, na Marie akawa mwanamke wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Mwaka wa 1906 Pierre aligongwa na gari la farasi akafa. Marie akapewa kufundisha mahali pake, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha katika Sorbonne. Mwaka wa 1911 alipewa Tuzo ya Nobel ya pili, ya kemia. Hata leo ndiye mtu pekee aliyepata tuzo hiyo katika sayansi mbili mbalimbali.

Vita Kuu ya 1914 ilipoanza, alitengeneza magari yenye vyombo vya eksirei ili waganga waone risasi katika miili ya askari kabla ya kuwapasua. Magari yalikuwa kama 20, na vituo vya hospitalini kama 200. Lakini gari bila mtu ajuaye kulitumia ni bure. Kwa hiyo aliwafundisha wanawake wapatao 150 kazi hiyo. Binti yake Irène, akiwa bado msichana, alimsaidia.

Hata katika maabara yake wanawake waliendelea kupata nafasi. Mwaka wa 1929 aliajiriwa msichana mmoja, Marguerite Perey, ambaye baba yake alikuwa amekufa na ambaye jamaa zake hawakuweza kumlipia masomo ya udaktari. Alianza kama msaidizi tu. Mwaka wa 1939 Perey alivumbua kitu cha asili kiitwacho fransiamu. Baada ya hayo alipewa fedha za kusoma Sorbonne, akapata shahada ya udaktari wa sayansi mwaka wa 1946.

Na yale mapatano ya dada wawili je? Mwaka wa 1932 ilifunguliwa huko Warsaw Taasisi ya Radiamu kwa ajili ya kutibu ugonjwa wa saratani. Gramu moja ya radiamu iliyotumika huko ilinunuliwa kwa fedha zilizochangwa na wanawake wa Marekani. Mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ile alikuwa Daktari Bronia. Zile rubli 15 na 20 zilizotoka shambani mwezi kwa mwezi zilikuwa zimerudi nyumbani.

Marie Curie alikufa tarehe 4 Julai 1934 kwa ugonjwa wa damu, ambao waganga waliona umeletwa na miali ya vitu alivyovishika miaka mingi. Siku zile hatari yake haikujulikana vema. Twalitaja hili ili wasomaji wajue kwamba elimu hii ina gharama zake, na kwamba wasichana wanaoingia katika maabara leo hawana budi kufundishwa kujilinda.

7. Binti wa Ihithe

Huenda mtu atasema, hayo ni mambo ya Ulaya. Basi tutazame Kenya. Wangari Maathai alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, wilaya ya Nyeri. Siku moja kaka yake Nderitu alimwuliza mama yao kwa nini Wangari hasomi kama wao wavulana. Mama angeweza kujibu kwamba kazi za nyumbani ni nyingi, naye asingesema uongo. Lakini alijibu kwamba hakuna sababu ya kumzuia, akampeleka shule. Ufadhili wa kwanza wa Wangari ulikuwa jibu lile la mama, aliyekubali kupungukiwa na mikono miwili shambani.

Alipomaliza Loreto, shule ya wasichana ya Limuru, alikuwa mmoja wa vijana wapatao 300 waliopelekwa Marekani mwezi wa Septemba 1960. Safari hizo zilianzishwa mwaka wa 1959 kwa juhudi za Tom Mboya, na mwaka wa 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ulisaidia kulipia nauli za ndege. Wangari alisoma elimu ya viumbe katika chuo cha Mount St. Scholastica, Atchison, katika jimbo la Kansas, akapata shahada mwaka wa 1964. Kisha akapata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh.

Sasa tazameni kilichompata. Aliporudi Nairobi mwaka wa 1966 alikuwa na barua ya kazi mkononi. Akaambiwa kwamba kazi ile amepewa mtu mwingine. Shahada mbili alikuwa nazo, lakini mlango ulifungwa. Baadaye profesa mmoja wa Kijerumani, Reinhold Hofmann, akampa kazi katika idara ya elimu ya mwili wa wanyama, na kwa kutiwa moyo naye akaenda kusoma zaidi Ujerumani. Mwaka wa 1971 akapata shahada ya udaktari, mwanamke wa kwanza katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Mwaka wa 1977 alianzisha kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini, na mwaka wa 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki mwaka wa 2011.

8. Misaada ya siku hizi

Tangu siku za Maria mifuko imeongezeka. Mwaka wa 1938 chama cha wanawake kiitwacho Zonta kilianzisha ufadhili kwa jina la Amelia Earhart, rubani aliyepotea baharini mwaka wa 1937, kwa ajili ya wanawake wanaosoma uhandisi wa ndege na elimu ya anga. Mwaka wa 1998 shirika la UNESCO na kampuni ya L'Oréal walianza kuwatunza wanawake wa sayansi wa nchi mbalimbali. Mwaka wa 2004 mfuko wa Schlumberger ulianza kuwasaidia wanawake wa nchi zinazoendelea wanaotafuta shahada za juu za sayansi na uhandisi, ili warudi kufundisha kwao. Chama cha OWSD, chenye makao yake Trieste huko Italia, nacho hulipia wanawake wa nchi za namna hiyo masomo ya udaktari wa sayansi. Katika Tanzania, tangu mwaka wa masomo wa 2022/2023, Serikali imetoa ufadhili uitwao Samia Scholarship kwa vijana wa kike na wa kiume waliofaulu sana masomo ya sayansi katika kidato cha sita.

Lakini mifuko mingi niliyoitaja huwatazama watu waliokwisha kupanda ngazi za juu. Msichana hawezi kufika huko asipovuka kidato cha pili, cha nne na cha sita. Ngazi hizo za chini hushikiliwa na wazazi, walimu na majirani.

9. Mafunzo

La kwanza: msaada uje kwa wakati wake. Shilingi iliyotolewa wiki ya kufungua shule ni kubwa kuliko shilingi kumi zilizotolewa baada ya binti kukaa nyumbani mwaka mzima na kukata tamaa. Kama watu wanakusudia kuchanga, na wachange kabla ya tarehe ya mwisho.

La pili: tusihesabu ada peke yake. Maria alilipa ada akazimia kwa njaa. Msichana aliyelipiwa ada lakini hana nauli, hana taa, hana sabuni wala mahitaji yake ya mwezi, amesaidiwa nusu. Tena yuko ambaye hakosi fedha ila akosa wakati, kwa sababu akitoka shuleni hungojwa na ndoo, kuni na watoto wadogo, hali kaka yake afungua kitabu. Kumpa saa mbili kila jioni ni ufadhili usiohitaji fedha.

La tatu: pawepo mtu wa kumsemea. Maria hakupewa rubli 600 kwa akili tu. Bibi Dydyńska alikwenda mlangoni. Wasichana wengi wenye haki ya kupata msaada hawaupati kwa kuwa hakuna aliyewaambia tarehe, au cheti cha kuzaliwa hakikutafutwa mapema, au barua ya mwalimu iliandikwa kwa haraka. Mtu ajuaye kusoma na kuandika aweza kuifanya kazi hii. Na aonye pia, kwani wako walaghai wanaodai fedha kwanza ili wampatie mtu ufadhili. Mfuko wa kweli hutoa. Ukiona mtu akudai malipo ya siri ili akutajie jina lako, ondoka.

La nne: tutazame mlango wa mwisho. Elimu ya Wangari ingaliweza kupotea siku ile alipoambiwa kazi imekwenda. Kama wewe ni mwenye karakana, au msimamizi wa ofisi, au fundi mkuu, huenda hujatoa hata senti kwa ajili ya masomo ya mtu. Lakini siku binti mwenye shahada ya uhandisi atakapobisha hodi, wewe ndiwe utakayeamua kama fedha za wengine zilikuwa na faida.

La tano: anayepokea na akumbuke aliye nyuma yake. Hapa yafaa kusema kwa uangalifu. Jamaa wengine humsomesha binti mmoja, kisha humfanya kuwa kisima cha kila mtu, hata akiba yake ikakauka kabla hajajenga maisha yake. Huko si kulipa deni, ni kumfunga. Maria hakutakiwa na mtu. Alirudisha kiasi kile kile alichopewa, mahali pale pale, kwa ajili ya msichana asiyemjua jina. Binti aliyesaidiwa akimsaidia mmoja tu kufika alipofika yeye, amelipa.

Na wale wasemao kwamba msichana ni shamba la jirani, tuwajibu kwa neno moja. Maria aliolewa, tena katika nchi ya kigeni. Hata hivyo radiamu iliwatibu wagonjwa wa Warsaw, na mfuko wa Alexandrovitch ukapata rubli zake zote.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Kwa nini Maria hakuingia Chuo Kikuu cha Warsaw, naye alikuwa na nishani ya dhahabu?

2. Katika mapatano ya dada wawili, nani alijinyima kwanza, na ni kitu gani kilichomfanya aamini kwamba atalipwa?

3. Rubli 600 zilinunua nini hasa? Jibu kwa hesabu.

4. Katika mtaa wetu kuna msichana gani aliyefaulu hesabu na sayansi, naye sasa amekaa nyumbani? Ni kitu gani kilichompungukia: ada, chakula, wakati, au mtu wa kumsemea?

5. Je, kwetu yuko mtu aliyesomeshwa kwa msaada wa wengine? Angependa kuyarudisha kwa njia gani, bila kulazimishwa?

Swali la nne lisijibiwe kwa maneno ya jumla. Litajwe jina, na kabla watu hawajaondoka achaguliwe mmoja wa kwenda kuwaona wazazi wake wiki hii.